Kazi Aliyomtafutia Mdogo Wake

Mji ule ulizaliwa na gereza. Ukuta ulitangulia, nyumba zikafuata, na maduka yakaja baada ya nyumba. Kwingine watu hulima, huchimba au hufanya biashara. Pale watu walikuwa askari magereza, na asiyekuwa askari basi alimshonea askari gwanda, alimuuzia mkate au alimpangisha chumba. Asubuhi buti zilishuka kilima kwa pamoja hadi vioo vya madirisha vikatikisika. Watoto walicheza mchezo wa kuchuchumaa wawili wawili huku mmoja wao akihesabu vichwa, na akipungua mtu mchezo unaanza upya. Wake za askari walitaniana kwamba waume zao wakirudi nyumbani huhesabu watoto kwanza ndipo waulize chakula.

Mwanamke tunayemzungumzia alikuwa askari wa upande wa wanawake, na wafungwa walimpachika jina la Komeo, kwa sababu akishasema hapana, imefungwa. Hakuwa mkatili. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu, ila hakubembelezeka. Wenzake waliliokota lile jina, na yeye mwenyewe akalizoea hata akawa anageuka akiitwa. Baba yake alikuwa askari hapo hapo. Mume aliwahi kuwapo pia; siku moja akasema amechoka kuishi na mwanamke mwenye filimbi, akafungasha, akaenda kuoa askari mwingine mtaa wa pili. Komeo hakushangaa. Angemwoa nani mwingine, na wanawake wa mji ule walikuwa ndio hao hao?

Aliyebaki naye ni mdogo wake wa kiume. Mama yao alifariki mtoto huyo hajaota meno yote, baba akamfuata baadaye, na Komeo akamlea katika nyumba ya vyumba viwili aliyopewa kazini. Alimwogesha, akampeleka shule, akamfundisha kujipigia pasi. Kijana alitoka mrefu, mcheshi, mwenye tabia ya kuuliza maswali mahali ambapo watu wengine hunyamaza. Alipomaliza shule alisema anataka kwenda kujifunza udereva wa malori makubwa. Kulikuwa na rafiki yake aliyemtangulia huko, na nafasi ilikuwapo.

Komeo hakutaka kusikia. Alimuuliza ataendesha lori la nani, atalala wapi, na akiumwa njiani atauguzwa na nani. Kijana alijibu vizuri tu, lakini dada yake alikuwa ameshaamua. Alivaa sare yake iliyonyooka, akaenda kumwona mkuu wa gereza, akamwomba amkumbuke mdogo wake siku ya usaili. Hakuwahi kumwomba mkuu kitu chochote kabla ya hapo. Kijana akaingia mafunzoni, akarudi amenyolewa, akaapishwa. Siku ile Komeo alipika mpaka majirani wakala. Aliwaambia kwamba sasa hata akifa leo amemwacha mtoto pazuri.

Na kwa miaka michache palikuwa pazuri kweli. Kijana akaoa binti wa mbali, mkimya mwenye macho makali, wakapata mtoto wa kike, kisha wa kiume. Komeo na wifi yake walitaniana kama mawifi wanavyotaniana, na nyuma ya utani ule kulikuwa na jambo ambalo wifi hakulificha: hakuupenda mji. Alisema hajaona mji ambao watu wote wanakula mshahara wa tundu moja.

Jioni moja, wamekaa wanakula, kijana alimweleza dada yake kuhusu mlango wa stoo ya kuni nyuma ya jiko la wafungwa. Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu. Ukiusukuma kwa bega, alisema, unakuja wote. Alikuwa ameshamwambia sajini wake, na sajini akamjibu mbele ya watu kwamba atafute waya afungie. Sasa alikuwa anafikiria kumwandikia mkuu mwenyewe.

Komeo aliweka tonge chini. Alimwambia asithubutu. Askari wa cheo cha chini anayeandika barua huonekana mkorofi, na mkorofi hapandi cheo mpaka anazeeka. Amwambie tena sajini kwa mdomo, kwa adabu, halafu anyamaze.

"Na siku ukifunguka, dada?"

"Siku ukifunguka, utakuwa umeshasema."

Kijana alimsikiliza. Alimsikiliza siku zote.

Mlango ulifunguka Jumapili mchana, mvua inanyesha kiasi kwamba huwezi kusikia mtu anayezungumza karibu yako. Wafungwa wawili waliusukuma, wakapita stoo, wakaruka ukuta wa nyuma. Mmoja alikamatwa baadaye kwa shemeji yake akiwa amejifunika shuka. Wa pili hakuonekana tena. Wakubwa walikuja na magari, wakatembea na miavuli, wakaangalia bawaba zilizolala kwenye tope. Lazima mtu apatikane, na aliyekuwa kwenye lindo lile alikuwa mmoja tu. Walimchukua kijana kabla giza halijaingia, mkewe amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Shitaka lilisomeka kwamba aliwasaidia wafungwa kutoroka.

Komeo hakulia. Alijua la kufanya. Watu waliojua habari za mlango ule walikuwa wengi, na wote aliwafahamu. Wengine walikuwa wamekula kwake, wengine aliwashikia watoto wao wakati wa ubatizo na wakati wa misiba. Alianza na sajini, ambaye nyumba zao ziligawana ukuta. Alimkuta uani anapiga buti rangi.

Sajini alimkaribisha kiti. Alisema pole, akasema tena pole. Kisha akasema kwamba yeye, kwa kweli, hakusikia habari ya bawaba.

"Ulisikia," Komeo alisema. "Ulimwambia atafute waya."

Sajini aliendelea kusugua buti ileile iliyokwisha kung'aa. "Dada, mwanangu yuko kwenye usaili mwezi ujao. Nikisema nilisikia, wataniuliza nilimwambia nani. Nitamtaja mkuu. Halafu mtoto atakwenda wapi? Niambie wewe. Hapa mjini atakwenda wapi?"

Komeo aliinuka kitini. Maneno yale alikuwa ameyasema yeye mwenyewe, karibu hivyo hivyo, kwa kijana aliyetaka kuendesha malori. Aliaga, akatoka.

Alikwenda kwa mtunza stoo. Huyo alikuwa anasubiri kustaafu na nyumba aliyokaa ilikuwa ya kazi. Alikwenda kwa koplo aliyecheka siku ya ule waya. Mkewe alikuwa karani katika ofisi ya mkuu. Alikwenda kwa mpishi, kwa mlinzi wa mnara, hata kwa yule aliyekuwa mume wake, ambaye alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni na hakumkaribisha ndani. Hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alimsindikiza hadi barabarani kwa upole, na kila mmoja alikuwa na mtu wake nyuma ya ukuta: mtoto, mke, shemeji, mpangaji. Ungekuwa mji wa kazi nyingi, pengine angepatikana hata fundi mmoja au mkulima mmoja wa kusema alichokiona, maana kesho angekula kwa jasho lake. Pale kijiko kilikuwa kimoja, na aliyeshika mpini alikuwa mkuu wa gereza.

Basi akasimama peke yake mahakamani. Alivaa gauni la kawaida, na watu waliomzoea ndani ya sare walimwona mdogo. Alieleza kwamba mdogo wake alimwambia habari za mlango mapema, na kwamba alikuwa ameripoti. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama yeye mwenyewe aliuona mlango huo. Hakuuona, upande wa wanaume hakuwa anaingia. Akamuuliza kama kuna maandishi yoyote. Hakuna.

"Kwa nini hakuandika?"

Angeweza kusema hajui. Lakini alikuwa amekula kiapo, na ndivyo alivyokuwa.

"Mimi nilimkataza."

"Kwa nini ulimkataza?"

"Asionekane mkorofi."

Kuna mtu nyuma alicheka, akajizuia. Mdogo wake, aliyekuwa kizimbani, alimtazama mara moja tu kisha akainamisha macho. Komeo alitamani amkasirikie, amwoneshe kidole, aseme lolote. Kijana aliinama akatazama ndala alizovalishwa.

Alifungwa miaka mitatu. Kwa kawaida askari anayefungwa hupelekwa mbali, kwa watu wasiomjua. Yeye alibakishwa palepale, kwenye chumba cha peke yake karibu na zahanati ya gereza, wakisema ni kwa muda mpaka ipatikane nafasi kwingine. Ule muda ndio ukawa kifungo chenyewe. Askari waliomfungulia mlango asubuhi walikuwa wamecheza naye mpira utotoni.

Komeo naye hakusahaulika. Hawakumfukuza, maana wangemfukuza kwa kosa gani? Mkuu alimwita, akamsifu kwa utumishi wake wa muda mrefu, akamhamishia langoni, kwenye kibanda cha kupekua wanawake wanaokuja kuona wafungwa. Alisema ni kazi nyepesi kwa mtu wa umri wake.

Ndivyo ilivyotokea kwamba siku ya kwanza ya kutembelea wafungwa, wifi yake aliingia kibandani na kikapu.

Kibanda kilikuwa na meza, benchi na pazia. Komeo alisimama. Alisema kwa sauti ya chini kwamba apite tu, hakuna haja.

"Nipekue," wifi alisema.

"Wifi, pita."

"Nipekue kama unavyowapekua wenzangu. Usije ukaonekana mkorofi."

Akaweka kikapu mezani, akanyoosha mikono pembeni, akasubiri. Nje kulikuwa na foleni, na mwanamke wa kwanza kwenye foleni alikuwa anachungulia. Komeo alimpekua. Alipitisha mikono mabegani, kiunoni, kwenye pindo la khanga. Alifungua bakuli la chakula na kukikoroga kwa kijiko, kama amri inavyosema, chakula cha mdogo wake, hadi kikavurugika. Alipomaliza alifunika bakuli na kulifuta ukingo kwa kitambaa chake mwenyewe. Wifi alichukua kikapu bila kusema asante, na bila kusema neno baya. Alirudi kila siku ya kutembelea, na kila mara alinyoosha mikono.

Komeo mwenyewe hakuruhusiwa kumwona mdogo wake. Mtumishi haruhusiwi kumtembelea mfungwa ambaye ni ndugu yake bila ruhusa ya mkuu, na ruhusa kila alipoiomba ilikuwa inashughulikiwa. Mara nyingine lango likiwa wazi aliona mstari wa wafungwa wamebeba mbao kwenda karakana ya useremala, na mgongo mmoja mrefu katikati. Aliwahi kukohoa kwa makusudi. Mgongo haukugeuka.

Mtoto wa sajini alipita kwenye usaili. Alikuja kumsalimia Komeo akiwa na sare mpya, kwa heshima zote, na Komeo akamwitikia, akamwambia kola yake imekaa vibaya.

Kijana alipotoka, hakupita kwa dada yake. Alichukua mkewe na watoto, wakaenda kwao mwanamke, safari ya nusu siku kwa basi. Komeo alipata habari kwa mwenye duka. Alisubiri apoe, akasubiri tena, kisha akaomba likizo, akanunua sukari na nguo za watoto, akapanda basi.

Aliwakuta wanaishi vizuri. Mdogo wake alikuwa amefungua karakana ndogo ya kutengeneza vitanda na viti. Alijifunzia kazi hiyo gerezani, na mikono yake ilikuwa imekubali. Alikuwa amekonda kidogo, ndevu zimeingia mvi chache. Alipomwona dada yake anakuja na mizigo aliweka randa chini, akaja kumpokea mpaka njiani. Akamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Akamwagizia soda. Akamuuliza habari za safari, habari za afya, habari za mvua huko alikotoka. Wifi naye alileta maji ya kunawa.

Komeo alikuwa amekuja na maneno. Alikuwa ameyapanga kwenye basi, lakini kila alipofungua kinywa mdogo wake alimsogezea kitu: sahani, maji, mto wa kuegemea. Basi akasema moja tu.

"Nilifikiri nakutafutia pazuri."

"Najua," kijana alijibu, na akamuuliza kama soda ni ya baridi vya kutosha.

Kisha akawaita watoto waliokuwa wanacheza na maranda ya mbao nje. Wa kike alikuwa amekua, ana macho ya mama yake. Wa kiume hakumkumbuka kabisa mgeni huyu. Baba yao aliwasimamisha mbele yake, mkono mmoja kwenye bega la kila mtoto, bila hasira yoyote usoni.

"Haya, msalimieni afande."

Watoto waliinamisha vichwa. "Shikamoo, afande."

Komeo alitazama mdogo wake, akangoja asahihishe. Hakusahihisha. Wifi alikuwa anakusanya vyombo, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyetazama pembeni kama mtu aliyeona aibu.

"Marahaba," Komeo alisema. "Hamjambo?"

Alimaliza soda yake, maana kuiacha kungekuwa kukosa adabu. Tangu hapo huwatembelea kila apatapo likizo, na hawajamfukuza hata mara moja. Kiti ni kilekile, soda ni ileile, na habari za mvua huulizwa. Watoto humpokea mizigo wakimwita afande, na kwao ni jina tu kama majina mengine.