Kaburi la Yago

Pamba iliyolowa maji ya ziwa hunuka vibaya, na mpaka leo nikiipata harufu hiyo, hata kwenye godoro kuukuu lililonyeshewa, natoka nje. Ndiyo iliyojaa ufukweni karibu na Homa Bay wiki ile boti ya kampuni ilipozama, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa mtoto wa madarasa ya chini. Baba alikuwa kuli wa kampuni hiyo ya pamba. Boti ilishindiliwa magunia mpaka ikakaribia kuingiza maji, na wapakiaji walipolalamika, msimamizi aliwaambia wakae juu ya mzigo waende. Hawakufika. Kesho yake kampuni ilileta watu na kamba, nasi wajinga tukashangilia tukidhani wamekuja kuwatafuta baba zetu. Jamani! Walikuja kuopoa magunia. Waliyaopoa karibu yote, wakaianika pamba mchangani, pale pale akina mama walipozoea kuanika omena, dagaa wa ziwani, na mama yangu akawa anatembea katikati ya pamba ile akiita jina la mumewe. Baba hakuonekana tena.

Kwetu Wajaluo mtu haachwi hivyo. Maiti isipopatikana, huchumwa tunda la mti uitwao yago, lile refu na zito kama mchi, likavikwa nguo ya marehemu, likaliliwa na kuzikwa. Anayezikwa ni yeye, wala hakuna anayesema vinginevyo. Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyelibeba begani, akilia machozi ya kweli. Nilimwona kwa macho yangu. Tulimzika baba mbele ya nyumba yake, katika shamba letu lililopakana na barabara ya kwenda Rongo. Chifu alikuja, akakaa, akala. Matanga yalipokwisha, mama alikwenda ofisi ya kampuni kuuliza watoto wake wataishije. Msimamizi akamjibu kwamba pasipo na maiti hapana kifo. “Pengine mumeo amepata mwanamke Tanganyika,” alisema, na makarani wake wakamtafsiria mama huku wakiangua kicheko. Mama alirudi nyumbani, akashika jembe akaenda kupalilia mtama. Jioni ile alituambia tusiogope, maana shamba lipo, na mwenye shamba hafi njaa.

Kisha wakaja wapima ardhi. Hii ilikuwa serikali yetu wenyewe, ile tuliyoipigia vigelegele hadi sauti zikakauka, na ilisema imekuja kumwandikia kila mtu ardhi yake. Mama alifagia ua tangu alfajiri akiwangoja. Karani wa ardhi alikuwa mgeni, hajui Kijaluo, na kwa kuwa mama hakujua Kiswahili, baba mkubwa akawekwa kuwa mkalimani, kwani aliwahi kufanya kazi Kisumu. Chifu alikaa kwenye kiti chetu cha pekee. Lakini kutoka kwenye landrova ya serikali alishuka pia yule msimamizi wa pamba. Kumbe kampuni ilikuwa inatafuta mahali pa kujenga ghala kando ya barabara, na ilikwisha kumnong'oneza chifu kuwa shamba letu ni pori lisilo na mwenyewe.

Karani aliuliza ushahidi kwamba ardhi ni ya mume wa mama. Mama akanyoosha kidole kwenye kaburi. Kwetu hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo.

“Hakuna mtu mle,” msimamizi akadakia. “Huyo mtu alizama na boti yetu. Mwili haukupatikana.”

Hilo neno kuzama mama alilielewa. Alisimama, akamgeukia, akasema kwa Kijaluo, sauti haitetemeki: “Ala! Kumbe unajua alikufa! Mimi uliniambia ametoroka. Kama alikufa, lipa watoto wake. Kama hakufa, hili ni shamba lake, mngojeni arudi.”

Nimezeeka sasa, nimesikiliza mawakili na wabunge, na sijasikia hoja iliyonyooka kama ile. Karani akauliza, “Anasema nini?” Baba mkubwa alimtazama chifu, kisha akatazama vidole vya miguu yake.

“Anasema amechoka, bwana. Ni majonzi tu.”

Nilikuwa na Kiswahili kibovu cha sokoni, lakini nilikitoa chote. “Hapana! Mama nasema kama baba nakufa, lipa! Kama hapana kufa, shamba yake!”

Karani alinielewa. Naapa alinielewa, kwa sababu alinikodolea macho, kisha akamtazama msimamizi, kisha akajifanya anatafuta kitu mfukoni. “Mtoto, wakubwa wakiongea ufunge mdomo,” chifu akasema. Mama akamgeukia yeye: “Jaduong', mzee wangu, si ulikuja kwenye matanga? Si ulikula?” Mzee mzima akatazama barabarani. Karani akaamuru kaburi lifukuliwe.

Mama alikwenda akakaa juu ya kaburi, miguu ameinyoosha, kama anayechambua mboga. Askari wawili walimshika makwapani wakamburuta. Hawakuchimba sana. Walitoa shati la baba, limeoza, na ndani yake nyuzinyuzi na mbegu. Msimamizi alicheka hadi akakohoa, akauliza kama huyo ndiye mume. Mama aliokota vyote, mbegu kwa mbegu, akavifunga kwenye leso. Mpaka leo nikikumbuka vidole vyake kwenye udongo ule, hasira hunishika nikatamani kupiga mtu.

Tulihamia bonde la Lambwe, kwenye mbung'o, ambako hakuna aliyegombania ardhi kwa kuwa iliua watu na ng'ombe. Baba mkubwa alipewa koti la ubawabu kwenye ghala jipya. Mama aliomba kulizika lile fundo la leso kwao, wakakataa katakata, maana mke hawezi kumzika mume kwa wazazi wake, kwa hiyo lilikaa ndani ya chungu pembeni mwa kitanda mpaka ugonjwa wa malale ulipomchukua. Tulimzika nalo kifuani.

Ghala limebaki kuta, kampuni ilikufa, na hati ya shamba letu ina jina la mtu wa Nairobi nisiyemjua. Mwaka jana nikaitwa kwenye kikao cha kusikiliza malalamiko ya zamani ya ardhi. Zamani tulifukuzwa na askari. Safari hii nilipewa chai. Ofisa alikuwa binti wa Kijaluo, mpole, ananiita Dani, yaani bibi, kana kwamba ni mjukuu wangu, na hapakuhitajika mkalimani. Nilimweleza yote. Aliandika bila kunikatiza, machozi yamemlengalenga, nami mjinga nikaanza tena kushangilia moyoni.

“Sasa, Dani,” akasema, “tunahitaji ushahidi. Hilo kaburi linaweza kuonekana?”

Nikamwambia walijenga juu yake.

“Na mwili mliuhamishia wapi?”

Nilimtazama mtoto yule wa kwetu, nikamwambia polepole, kwa lugha ya mama yangu, kwamba tulizika yago.

Akaacha kuandika, akalifunga faili.