Siku Niliyombeba Mama Mkwe kwa Ajili ya Plaki

Jamani, naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa kule Kibati wanaisimulia kila siku na kuitia chumvi, afadhali niisimulie mwenyewe: ndiyo, ni mimi, mtu mzima na akili zangu, niliyembeba mama mkwe wangu mikononi, mchana kweupe, kwaya nzima ikitazama, ili mtu wa duane, yaani forodha, aandike namba ya gari.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nilikuwa nimenunua kigari Kampala, cha mkono wa pili, usukani kulia, nikaingia nacho kwa Bunagana, mpakani, na karatasi ya muda iliyosema niende moja kwa moja Goma, kikaguliwe, nilipe ushuru, nipewe plaki, kile kibao cha namba. Moja kwa moja, ndivyo ilivyoandikwa. Lakini nilipofika Kibati nikajisemea si nipitie kwa wakwe kidogo tu wakione (maana nilipooa walinong'ona sana kwamba huyu wa Bukavu hata baiskeli hana), basi wakakiona, wakakizunguka, wakakisifu, wakaniambia usiende bila kula, nami kwa kupenda sifa nikabaki. Jioni ile ile mlima wa moto ukapasuka, ukatiririsha mawe yaliyoyeyuka.

Nyumba ya mama mkwe ilifunikwa yote. Watu walitoka salama, tena kwa kigari kile kile, tukapanda nacho hadi uwanja wa kanisa kule juu, na mke wangu aliyekuwa Goma na watoto akanipigia kwamba wamefika Sake wazima. Kulipokucha tukaona barabara ya kwenda Goma imekatwa na mawe yanayotoa moshi. Kuanzia hapo kigari kikawa nyumba: shemeji zangu na watoto wao nyuma, mama mkwe mbele, kiti cha kushoto, amejifunga blanketi, na hakuwa akishuka ila gizani, wageni wakiwa hawapo.

Mawe yalipopoa juujuu watu wakaanza kuvuka kwa miguu, nami nikavuka hadi ofisi ya duane Goma, kwa sababu muda wa karatasi ulikuwa unakwisha.

"Gari iko wapi?" shefu, mkubwa wa pale, akaniuliza.

"Shefu, iko ng'ambo ya mawe."

"Muda inaisha kesho. Kama sijaiona, ni ya magendo, tunaikamata."

Nilimsihi mpaka akachoka, akainuka, akasema twende. Akavuka yale mawe pamoja nami, na viatu vyake vya ofisi, akirukaruka, soli zikinuka kuungua, bila kunitukana hata mara moja.

Tulipofika akauliza namba ya chasi iko wapi. Nilijua vizuri sana! Muuzaji wa Kampala alinionyesha, iko sakafuni, chini ya kiti cha kushoto, na juu ya kiti hicho amekaa mama mkwe. Sasa kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamgusi, hamtumi, sembuse kumwambia inuka. Shemeji wote walikuwa wamekwenda kuchota maji. Nikapatwa na woga wa kijinga, nikasema, "Iko ku moteri."

Shefu akafungua kapo, kifuniko cha injini, akatafuta, akatoka na oili hadi kwenye viwiko. Nikasema basi labda chini. Akalala chali kwenye changarawe nyeusi na shati lake jeupe, na wanakwaya waliokuwa mazoezini wakaacha kuimba wakaja kutazama. Alipotoka huko chini uso wake ulikuwa mwingine kabisa.

"Papa, gari bila namba ni gari ya kuiba," akasema, akatoa kalamu aandike kwamba imekamatwa.

Niliona nguo za watoto zimeanikwa kwenye vioo, sufuria imeegemea gurudumu, nikaliona akilini gari linavutwa na wote wanabaki pale kwenye mvua, nikapayuka: "Iko chini ya mama mukwe!"

Kwaya ikaangua kicheko. Shefu akainama mlangoni. "Mama, ushuke kidogo tu."

"Siwezi shuka," akajibu mama mkwe, bila hasira. "Wakati ya vita batu ya bunduki balituambia vile vile, mushuke kidogo tu. Tukashuka, camion yenye ilikuwa inatubeba ikaenda na vitu yetu yote. Tukatembea na miguu toka Kalengera. Siwezi shuka tena ku gari."

Shefu akakuna kichwa. "Basi asishuke. Weye mukwe, umubebe."

"Miye?"

"Umubebe, ao niandike."

Mama mkwe akafikiri. "Miguu yangu isiguse chini," akasema, akanyoosha mikono.

Nikambeba. Wamama wa kwaya wakapiga vigelegele, mmoja akaanzisha wimbo wa harusi (simtaji, anajijua). Shefu akaweka karatasi juu ya namba akawa anaipaka penseli ili herufi zitokee, na penseli ikavunjika, jamani, ikavunjika, akaomba nyingine, kwaya nzima haina, katekista akaenda kuitafuta ndani ya kanisa, kwenye sakristia, taratibu, na mimi nimesimama pale na mama mkwe mikononi, nikitazama mawingu.

"Unatetemeka," akaninong'oneza.

"Hapana, mama."

"Unatetemeka. Usiniangushe mbele ya batu."

Nilikuwa natetemeka kwa aibu, si kwa uzito. Mimi nauza saruji, mikono yangu inajua kilo, na mama yule hakufika mfuko mmoja. Chakula nilichokuwa nikileta kilikuwa kinaishia kwa wajukuu, na mimi, kwa heshima zangu za kuinamisha macho, sikuwa nimeona kwamba anakwisha. Nilisikia uchungu pale pale, katikati ya vigelegele.

Namba ikatoka, ikalingana na karatasi, nikamrudisha kitini, nikalipa ushuru, plaki nikapewa. Nimeapa kwamba nikinunua gari tena, kwanza ofisi, halafu wakwe. Shemeji zangu nao wakakaa kikao, wakaniambia niliyemgusa mama mkwe nitoe mbuzi. Nikaleta bila ubishi, tena mnono, nikaomba jambo moja tu: mama apakuliwe wa kwanza, na mimi nisimame pale namtazama mpaka amalize. Wakasema hiyo nayo ni aibu.

Nikawaambia nimeshazoea.