Kikohozi cha Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa sikuujua uso wa baba mkwe wangu. Niliijua kofia yake, fimbo yake na visigino vya ndala zake. Mimi ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, niliyeolewa katika ukoo wa Kinyakyusa unaolima pembezoni mwa jiji la Mbeya, na nyumbani kwao heshima ya ukwe haikulegezwa hata baada ya umeme kuingia. Mkamwana hakutani na baba mkwe uso kwa uso. Yeye alikohoa kabla ya kukata kona ya jiko, mimi nikajifunika khanga na kugeukia ukuta, naye akapita. Mume wangu alipofariki sikurudi kwetu, na desturi ile niliishika kwa fahari zaidi. Sikutaka mtu aseme kwamba mjane yule amelegea.

Jumanne ya pili ya mwezi wa saba, majani yakiwa bado meupe kwa baridi, mzee alikata kona bila kukohoa.

Nilisikia ndala moja ikikanyaga na nyingine ikiburuzwa. Niligeukia ukuta upesi, nikamwamkia nikiwa nimempa mgongo. Sauti iliyonijibu ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni. Wifi yangu, binti yake, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni bila kuinua kichwa, akacheka.

"Baba, jana msibani walikupa pombe ya kimpumu nini? Na uzee wa kanisa wote huo!"

Kikombe alichokuwa nacho kilianguka sakafuni, na chai ikanifikia miguuni.

Hapo ndipo hofu iliponishika, kwa sababu njia ile niliifahamu. Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha mbao Mafinga. Mdomo wake ulipopinda, wenzake walimkanda kwa mafuta ya moto wakisema ni upepo, alale, ataamka mzima. Alifikishwa hospitali Iringa siku ya tatu, na hakuamka. Muuguzi aliyenikabidhi nguo zake alinieleza taratibu: uso ukishuka upande mmoja, mkono ukikataa kuinuka, maneno yakivurugika, ni kiharusi, wala hakuna cha kusubiri. Mimi kusoma nilianzia darasa la jioni, nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Nilichofundishwa ukubwani sikisahau.

Maneno yaliyovurugika nilikuwa nimeyasikia. Kilichobaki kilikuwa usoni, mahali nisiporuhusiwa.

Niligeuka.

"Wifi!" binti yake aliruka, viazi vikatawanyika. "Unamtazama baba?"

Ulikuwa uso wa mume wangu, kama angejaliwa kuzeeka, na upande wa kulia ulikuwa umeporomoka. Nilimwomba mzee ainue mikono. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulining'inia tu.

"Ni baridi hii," wifi alisema, tayari ana kikombe cha maji ya moto. "Anywe kwanza. Halafu tumpigie kaka mkubwa kule Mafinga, aje aamue."

"Asinywe kitu, yatampalia. Na kaka yako akifika aamue, ataamua mahali pa kuchimba kaburi. Mpigie jirani alete gari."

Nilimshika mzee kwapani. Alijaribu kunigeuzia uso pembeni; hata katika hali ile alikumbuka mimi ni nani kwake. Ndani ya gari wifi alilia, na kati ya kilio na kilio alininong'oneza kwamba mzee akifa, ukoo utasema ni macho yangu yaliyomwua. Nilijua watasema. Niliendelea kumtazama.

Hospitalini daktari aliuliza swali moja mara mbili: mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa lini? Wifi alisema jana. Jana ilikuwa mbali mno. Niliona daktari akiweka kalamu chini.

"Sikumwona," nilisema, "lakini nilimsikia. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hii alikohoa vizuri akienda kufungulia ng'ombe, nami nikampisha. Saa moja kasorobo alirudi bila kukohoa."

Daktari alinitazama kidogo, kisha akaagiza kichwa kipigwe picha mara moja. Ilikuwa damu iliyoganda, na dawa ya kuiyeyusha, isiyofaa baada ya saa chache, ilikuwa bado ndani ya muda wake.

Alirudi nyumbani na fimbo, mkono mzito na ulimi mzito zaidi. Mtaalamu wa mazoezi alitaka ndugu mmoja akae mbele yake kila siku, amwoneshe mdomo unavyofunguliwa na kufumbwa. Wifi ana duka; nilibaki mimi. Juma la kwanza mzee aliutazama ukuta, kama nilivyoutazama mimi miaka yote ile. Juma la pili aligeuka.

Sasa hukohoa mlangoni ili nitoke, si ili nijifiche. Nimempa kazi ya kunitajia siku na tarehe, kwa kuwa daktari alituonya kwamba ugonjwa huu hupenda kurudi, na vidonge vya presha huvimeza pale tu ninaposimama mbele yake.

Wiki iliyopita alisema Jumatano. Ilikuwa Alhamisi.

"Inua mikono, baba."

Ilipanda yote miwili, ikalingana.

"Umeridhika, mwanangu?" aliuliza.

Nilikuwa nautazama upande wa kulia wa mdomo wake.