Siku Mume Wangu Alipofunga Duka

Mwaka 1991, ndoa yetu ikiingia mwaka wa tatu, nilikuwa nikiota mchana. Naketi kibarazani kwetu Nyamirambo nachambua maharagwe, cherehani ya mume wangu inalia dukani, ukungu unapanda kutoka bondeni. Basi najiona nimebeba mtoto mgongoni, nausikia hadi uzito wake. Nikiinuka, mgongo ni mwepesi.

Mama mkwe aliniletea dawa za mizizi kwenye chupa, chungu kupita kiasi. Nilikunywa bila kubisha, maana mtaani kwetu mtoto akikosekana, anayetazamwa ni mwanamke. Hospitali nako nilikwenda peke yangu, nikapimwa hiki na kile, hadi daktari akaniambia haoni kasoro yoyote kwangu. Nirudi na mume wangu.

Nilipomweleza, aliirudia cherehani yake. Alishona tu, kanzu baada ya kanzu, kama mtu anayeishi chini ya maji. Kisha asubuhi moja akavaa shati lake zuri, akafunga duka, akasema twende.

Mbegu zake zilipimwa. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alimuuliza kama aliwahi kuugua matumbwitumbwi. Alikumbuka: ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota, mashavu yakavimba, kisha uvimbe ukashuka hadi kwenye korodani. Daktari akatueleza polepole kwamba huenda ugonjwa ule ndio uliomharibu, na kwamba dawa ya kumrudishia uzazi hakuwa nayo.

Barabara ya kurudi siikumbuki. Nakumbuka harufu ya mikaratusi baada ya mvua, na mkono wake umeshika wangu mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jioni mama yake alikuja na chupa nyingine. Mume wangu aliipokea, akaiweka chini.

"Mama," alisema, "usimpe tena mke wangu dawa. Mwenye shida ni mimi."

Mama mkwe aliisukuma chupa kando. Halafu akaniita niketi mbele yake, akanifungua kilemba, akaanza kunisuka nywele kama alivyowasuka binti zake.

Hatukupata mtoto. Lakini tangu hapo nilihamia dukani, nikawa nashona vifungo huku tukizungumza, na tulikuwa na miaka kama miwili ya raha hiyo kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994 kuuingiza mji wetu gizani. Mungu alituvusha sote wawili.