Slaidi za Mama na Skana ya Bei Rahisi

Kaka yangu alikuwa mtu wa kubana pasipostahili kubanwa. Kwenye baa za Geita aliwanywesha watu asiowajua hata majina, lakini likija jambo la nyumbani alitafuta cha bei rahisi, na akikipata alijisifu wiki nzima. Nimemsamehe mengi. Hili la skana sijalisamehe, na sioni sababu ya kujifanya nimelisamehe.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Yeye alinunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, leo yuko Geita, kesho Kharumwa, na mambo yalipomnyookea kidogo akafungua ofisi ya kuchapa Shinyanga mjini, akaniweka mimi. Nilikuwa na kompyuta moja, printa moja na feni iliyopiga kelele kuliko wateja. Nilichapa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na risala za kumsomea mgeni rasmi. Wateja walipoanza kuuliza kama tunaweza kuweka picha ya bwana na bibi harusi kwenye kadi, kaka akasema tununue skana. Nilifurahi kupita kiasi, maana na mimi nilikuwa na shida yangu.

Baba yetu alikuwa bwana shamba wa pamba. Mradi fulani ulimpa kamera na filamu za slaidi, zile picha ndogo za rangi zinazokaa kwenye fremu za plastiki, ili awaonyeshe wakulima kwa projekta namna ya kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Alihitaji mtu wa kushika pamba mbele ya kamera, na mtu aliyekuwa karibu, asiyedai posho, alikuwa mama. Basi mama yumo kwenye slaidi tele: mama anachuma, mama anachambua, mama ameinua pamba fifi na kuikunjia uso kama alivyoagizwa. Filamu za kawaida, za picha za karatasi, baba alizinunua kwa pesa yake na akazimalizia kwa wakubwa zake. Tulikuwa na albamu nzima ya wanaume wamesimama mbele ya magari ya ushirika, vitambi mbele. Ya mama, hatukuwa na hata moja.

Mama alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Baba alipostaafu, projekta ikarudi ofisini, na baadaye baba naye akafariki. Huyo mdogo wetu alikua akimwona mama yake kwa kuinua slaidi dirishani, anafumba jicho moja, anatazama uso usiozidi punje ya mchele. Shangazi zetu wakiwa na furaha walimwambia amefanana na mama yake. Wakiudhika walimwambia hakuchukua kitu kwa mama yake. Alitaka ajionee mwenyewe. Alishakuwa mwalimu kule Nkome, ana mchumba wa kueleweka, na bado kila akija mjini aliniambia lile lile: "Dada, mimi nataka kuyaona macho yake tu." Studio za Mwanza zilishatukatalia. Walisema mashine zao zinasafisha negativu, slaidi tupeleke Nairobi. Nairobi, kama vile ni kwa jirani.

Skana tulizikuta kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi jirani na soko. Alikuwa nazo mbili. Moja nyembamba, ya bei rahisi. Nyingine nene, kifuniko chake kizito, na bei yake ilimfanya kaka apige mluzi.

"Hii nyembamba inasoma karatasi," mzee akaeleza. "Picha, cheti, safi kabisa. Filamu hapana. Filamu inataka taa ya juu, mwanga upite katikati. Hii nene iko na taa kwenye kifuniko."

"Kwani hii nyembamba haina taa?" kaka akauliza.

"Iko nayo, ya chini."

"Mwanga ni mwanga, mzee wangu."

Nikasema, "Kaka, tuchukue yenye taa ya juu. Unajua ni kwa ajili ya nini."

Akacheka, akamgeukia mzee. "Huyu anataka kutufungulia sinema." Akalipia nyembamba. Tofauti ya bei ilikwenda kwenye pampu ya kuvuta maji kwenye duara lake, lile shimo alilokuwa amewekeza Kharumwa. Maji yalijaa vilevile.

Picha za karatasi zilitoka vizuri, siwezi kukataa. Wakubwa wa ushirika walijaa kwenye kioo cha kompyuta, kila mmoja na kitambi chake. Kisha nikalaza slaidi ya mama. Ikatoka kiboksi cheusi. Nikaigeuza, cheusi. Nikaifunika kwa karatasi nyeupe, nikainamisha taa ya mezani juu yake, nikapata ukungu wa kahawia usio na kichwa wala miguu. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Si unaona? Zimekufa hizo. Joto limeziua."

"Hazijafa. Zitazame dirishani uone. Ni skana yako isiyoona."

Hakwenda dirishani. Aliondoka na jibu lake, na mtu wa aina yake akishaondoka na jibu halirudii tena.

Tukaamua mimi na mdogo wangu tununue ile nene sisi wenyewe. Yule mzee alikubali kutuwekea, tukawa tunapunguza kidogo kidogo. Mdogo wangu alituma kila alichoweza kutoka Nkome, mpaka akaahirisha kushona nguo za sendofu yake. Siku tuliyoichukua alikuja mwenyewe na basi la asubuhi. Tuliifunga kwenye kompyuta, nikabonyeza, taa ya kwenye kifuniko ikawaka. Alipiga kigelegele peke yake mle ofisini, mpaka fundi cherehani wa jirani akachungulia.

Nikainama chini ya meza kutoa kasha la slaidi. Halikuwapo. Tulihamisha makabati, tukapekua mpaka kwenye maboksi ya karatasi. Ndipo kaka akaingia.

"Shikamoo kaka," mdogo wetu akasema.

"Marahaba, mayu," kaka akamwita 'mama' kwa Kisukuma. "Umekuja lini?"

Nikamkatisha. "Kasha la slaidi liko wapi?"

Alijibu bila wasiwasi, na hilo ndilo lililoniuma kwanza. Kule machimboni, alisema, kila mtu anajua filamu zina madini ya fedha ndani yake. Sonara mmoja wa Kharumwa hukusanya filamu za eksirei kutoka kwa wagonjwa, anazichoma, anayeyusha jivu, anapata fedha halisi. Yeye kaka alifikiri, kwa kuwa slaidi zilishakufa, azipeleke, zitoe fedha ya kutosha bangili moja. Bangili ya mdogo wetu, avae siku ya harusi, awe na kitu cha mama mkononi.

"Ikatoka?" nikamuuliza.

"Haikutoka kitu. Sonara anasema filamu za rangi hazibaki na fedha. Nilimwambia achome zote, labda zilikuwa chache."

Zote. Mtu aliyepima dhahabu nusu ya maisha yake, anayeng'ata kipande kabla ya kukinunua, hakutaka kwanza kupima hata slaidi moja. Nilimtukana. Nilitukana kwa Kiswahili, nikaishiwa, nikaendelea kwa Kisukuma, na aliniacha nimalize, maana alishaona sura ya mdogo wetu na alikuwa ameanza kuelewa.

Mdogo wetu hakulia. Alizima taa ya skana, akafunika kifuniko taratibu, akanigeukia mimi.

"Dada, macho yake yalikuwaje?"

Nilikuwa sijaanza shule mama alipofariki. Ninayo akilini mikono yake, mgongo wake ulioinama, sauti yake akiniita ndani. Macho nilitafuta, sikuyapata.

"Yalikuwa kama yako," nikasema.

Kaka akainua kichwa. Yeye alikuwa darasa la sita, anamkumbuka mama vizuri kuliko sisi sote, na niliona mdomo wake unafunguka kutaka kunisahihisha. Nikamkata jicho, akaufunga. Mpaka leo sijamuuliza alitaka kusema nini.