Tembo wa Saruji wa Voi

Nimezunguka nchi saba nikiogopa mbuzi, lakini pale Voi, muda mfupi baada ya ule ukame wa miaka ya sabini, nilipanda tembo. Alikuwa wa saruji, katika bustani ya watoto iliyokuwa ikijengwa. Fundi, mzee wa Kidawida kutoka milima ya karibu, alikuwa akilainisha sikio lake.

"Shuka polepole, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Wenyewe wamekuja."

Tembo watano wakaingia kutoka porini. Wakampita twiga wa bembea, wakasimama kwa yule wa saruji, wakampapasa kichwa kwa mikonga, kimya, kama watu wanaoaga maiti. Kisha wakaondoka.

Msimamizi wa ujenzi akauliza, "Mzee, mle kichwani umetia nini?"

Fundi akapangusa mwiko kwenye suruali. "Nondo ziliisha. Nikaokota fuvu la ndama wao mmoja aliyekufa kwa ukame. Na kwetu milimani mafuvu ya babu zetu yako pangoni, hatuyagusi. Nilijua ni kosa."

"Ufunguzi ni Jumamosi. Bila tembo hatuna kazi."

"Basi hatuna. Watoto hawatachezea kaburi."

Akachukua nyundo, akalitoa fuvu, akalirudisha porini akilikumbatia kwa mikono miwili.

Siku hizi kila nikipanga nyumba humuuliza mwenyewe ametia nini ukutani. Hunicheka. Nami hucheka, lakini nasubiri jibu.