Mfereji Usiokuwemo Kwenye Filamu

Harufu ya bisi zinazoanza kuungua chini ya sufuria hunirudisha mpaka leo kwenye ukumbi wa kanisa letu Akheri, Jumamosi moja mchana, nikiwa na miaka tisa. Mama mmoja wa usharika alikuwa akizikaanga nje ya mlango, moshi ukaingia ndani kabla hata filamu haijaanza. Naandika haya kwenye daftari, nanyi mtakaosoma mnivumilie, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na sina uhakika kama kila kitu nakikumbuka sawasawa. Nitajitahidi tu nisimwonee mtu.

Filamu yenyewe ilikuwa ya katuni, imetokana na hadithi ya zamani ya baharia ambaye meli yake ilizama, akabaki peke yake kisiwani. Sisi watoto wa nyumbani tuliijua hadithi hiyo kabla ya kujua kwamba kuna filamu. Alitusimulia Dada Aneth.

Dada Aneth ni mtoto wa mama mkubwa. Aliacha shule kidato cha pili, akaja kukaa kwetu atuangalie mama akienda na ndizi sokoni Tengeru. Wakati wa mavuno alitukalisha barazani tupukuchue mahindi, mimi, mdogo wangu Eli, na Baraka wa baba mdogo. Ili vidole visilegee, alitupa habari za baharia kidogo kidogo, debe kwa debe. Alisema alimsoma kwenye kitabu shuleni. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, na akifika pahala pa kutisha hakuipandisha. Aliacha tu kupukuchua, nasi tukaacha kupumua.

Niliyoipenda kuliko zote ni sehemu ya mfereji. Baharia alipata chemchemi juu mlimani, akachimba mfereji mpaka shambani kwake, kama mifereji yetu inavyoshuka kutoka Mlima Meru. Na kwa kuwa kwetu maji ya mfereji huenda kwa zamu, naye akajiwekea zamu. Leo maji yangu, kesho ya jirani. Jirani hakuwepo. Lakini siku ya jirani ikifika, baharia aliziba upande wake kwa matope na majani ya mgomba, akakaa juu ya jiwe akiyatazama maji yakienda zake, hata kama mahindi yake yamesinyaa.

"Sasa dada, si ayachukue tu?" Baraka aliuliza. "Nani atamwona?"

"Akiyachukua, siku jirani akija atamwambia nini?"

Baraka akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua.

Kwa hiyo iliposemwa kanisani kwamba filamu ya baharia inakuja, tuliwatangazia watoto wote wa shule ya Jumapili: subirini muone mfereji. Dada Aneth alivaa sketi yake nzuri, akakaa nasi mstari wa mbele kama mwenye shughuli.

Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Kijana mmoja wa kwaya alisimama kando ya shuka jeupe la kuonyeshea filamu akitutafsiria, na alipozidiwa alisema, "Hapo wanaongea tu." Huenda basi baadhi ya makosa niliyoyaona yalikuwa yake, siyo ya filamu. Na nisiwe mchoyo wa sifa: bahari ilikuwa na bluu ambayo sijaiona tena popote, na kulikuwa na mbuzi mwenye kofia, anaimba, ambaye alimchekesha Eli mpaka akashikwa na kwikwi. Lakini dhoruba iliisha kabla sijamaliza bisi zangu za mkononi. Baharia alikuwa mnene, kila mara anateleza na kuanguka, kila mnyama ana maneno yake, na yule mtu hakukaa peke yake hata dakika moja. Mimi nilidhani kukaa peke yake ndiyo hadithi yenyewe. Nilisubiri mfereji mpaka majina yakaanza kupanda kwenye shuka.

Mapazia ya madirisha yalipofunguliwa Baraka alisimama juu ya benchi.

"Mfereji uko wapi? Dada Aneth muongo! Katutia aibu!"

"Jirani keshafika?" akadakia mwingine kutoka nyuma. "Mpisheni jirani achukue maji!" Ukumbi mzima ukacheka.

"Filamu siyo kitabu," Dada Aneth alisema taratibu. Kisha akanigeukia. "Neema, si ndiyo?"

Mimi, niliyelala na mfereji ule kichwani mavuno mazima, nikatazama viatu vyangu. "Mi sijui, dada."

Siku mbili tulipukuchua bila hadithi. Vidole viliuma kuliko kawaida, na hakuna aliyethubutu kuomba. Siku ya tatu Eli, ambaye alikuwa mdogo mno kuelewa kilichotokea, akauliza, "Dada, na yule mbuzi mwenye kofia?"

Nilitamani nimzibe mdomo. Dada Aneth akaacha kupukuchua.

"Mbuzi," alisema, "alitokea siku ya jirani. Akamkuta baharia amekaa kwenye jiwe. Akamwimbia kwanza, maana alikuwa na adabu, halafu akamuuliza: na mimi zamu yangu lini?"

Baraka alicheka, kisha akauliza, "Ikawaje?"

"Ikabidi wapange upya. Baharia, jirani, mbuzi."

"Kila mtu siku ya tatu?"

"Siku ya tatu."

Baraka akasogeza kigoda chake karibu.

Miaka mingi baadaye binti yangu alikuja na kitabu kile kutoka shuleni, nikakisoma polepole kwa siku nne. Mfereji haumo. Basi kwa haki kabisa, Baraka hakukosea. Utotoni niliamini dada alichukua mbuzi wa filamu kwa sababu alishindwa. Sasa nimelea watoto, nimechekwa mara kadhaa, naona tofauti: kilichomwaibisha mbele ya watu alikitafutia mahali pa kukaa, kwa kuwa mtoto alikipenda. Mimi nikichekwa hufunga mlango.

Juzi nilimpigia simu nimwombe msamaha kwa lile "mi sijui" langu. Akacheka kwa sauti yake ileile, akasema hakumbuki ukumbi wala filamu. Nadhani huo ndio uongo wake pekee ninaoujua kwa hakika.